Bega la bi mkubwa limeganda, fizio analitikisa tu. Tuendelee au twende kwa mchuaji?

Kipanga_Mweusi
Wakuu salaam. Bi mkubwa wangu ana miaka 56 na ana sukari. Tangu Mei bega la kulia linamuuma, sasa halinyanyuki kabisa. Nywele anachanwa, kanga anafungwa, usiku akilalia upande huo anaamka analia. Eksirei haikuonyesha kitu. Daktari akasema bega limeganda, akamwandikia fiziotherapia mara mbili kwa wiki. Tumeenda mara nne. Kijana analishika bega, analitikisatikisa kama anabembeleza mtoto, robo saa, basi. Bi mkubwa analalamika nauli inaliwa bure, na jirani kamwelekeza kwa mchuaji anayevuta mkono mpaka bega lialike. Nishaurini.

Chuma Chakavu
Mpeleke. Mimi niliteguka kifundo mpirani, mzee mmoja akanichua, kesho yake natembea.

FizioMstaafu
Chuma, kifundo chako ni habari nyingine. Hapa hakuna kilichotoka mahali pake kirudishwe. Mfuko unaozunguka kiungo umevimba, umekuwa mnene, umesinyaa. Ukiuvuta kwa nguvu unauchokoza upya, na mama ataukaza mkono zaidi kwa woga.

Huko kutikisa kuna madaraja. Maitland, fizio wa Australia, aliyapanga manne. La 1 na la 2 ni mwendo mwepesi usiofika pale panapokaza, kazi yake kutuliza maumivu. La 3 na la 4 ndiyo yanaingia kwenye ukakamavu wenyewe: kichwa cha mfupa kinasukumwa chini au nyuma ndani ya tundu lake, taratibu, tena na tena. Mtu anayeamka usiku kwa maumivu huanzi naye la 4. Muulize kijana yuko daraja gani na anategemea kupanda lini. Akikosa jibu, tafuta fizio mwingine.

Mama Wawili
Pole yake mama. Langu lilikuwa la kushoto, nami nina sukari, na sisi ndio linatupenda. Miezi 14! Mikono ya fizio ilinisaidia, ila kazi kubwa niliifanya nyumbani kila siku. Taulo la moto kwanza. Halafu nainama nimeegemea meza, mkono unaning'inia, naubembeza. Kisha nalala chali, viwiko vimebana mbavu, nashika mpini wa ufagio, mkono mzima unausukuma mgonjwa kwenda nje. Nilichomwa pia sindano ya steroidi: maumivu yalishuka, sukari ikapanda siku kadhaa. Akichomwa, apime.

Chuma Chakavu
Na goti langu limevimba, la moto tangu juzi, nalo nilikande?

FizioMstaafu
Usiliguse. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto anakiona daktari kwanza. Leo, si kesho.

Kipanga_Mweusi
Mrejesho: nimemuuliza kijana. Yuko daraja la 2, bi mkubwa akipata usingizi wa kueleweka anapanda. Hakutueleza kwa sababu bi mkubwa haulizi, anaguna tu. Nimempa habari ya ufagio, kasema huo anaujua tangu hatujazaliwa. Alhamisi tunarudi.