SMAP inapanda kila mvua ikinyesha: ukame nausomaje?

Swali
Wakuu, nafuatilia ukame kwenye eneo la malisho kwa data za SMAP (setilaiti ya NASA inayopima unyevu wa udongo), gridi ya kilomita 9. Ikinyesha mvua kidogo tu, grafu inapanda kana kwamba ukame umekwisha, na siku nne baadaye iko chini tena. NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea kutoka setilaiti) haijatikisika muda wote huo. Nifuate ipi?

Jibu 1
Unachosoma ni sentimita 5 za juu. Manyunyu yanazilowesha, jua linazikausha, na mizizi haikupata kitu. Ama uchukue data za SMAP za Ngazi ya 4 zinazokadiria unyevu hadi kina cha mita 1, ama ulainishe mfululizo mwenyewe:

mpya = iliyopita + K × (kipimo − iliyopita)

Vipimo vikija kila baada ya siku 3, na ukichagua kumbukumbu ya udongo (muda ambao athari ya mvua hubaki) ya siku 15, K, yaani uzito unaopewa kipimo kipya, inatulia karibu 0.18. Mvua ya siku moja haitakudanganya tena. Kuhusu Ngazi ya 4, kumbuka ndani yake mna modeli inayolishwa data za mvua. Penye vituo vichache vya mvua, kosa la mvua linageuka kosa la unyevu.

Jibu 2
Naongezea: namba ghafi haisemi ukame. 0.12 m³/m³ (ujazo wa maji kwa ujazo wa udongo) kwenye mchanga huenda ni hali ya kawaida, lakini kwenye mfinyanzi ni ukavu mkali. Kila pikseli ilinganishe na historia yake yenyewe: toa wastani wa kipindi hichohicho cha mwaka, kisha gawa kwa mkengeuko sanifu. Mimi naanza kuwa makini namba inayopatikana ikishuka chini ya −1 na kubaki huko wiki kadhaa.

Data za SMAP zinaanzia mwisho wa Machi 2015, kwa hiyo sampuli za tarehe moja ni chache mno. Tumia dirisha la siku 31, yaani siku 15 kabla na 15 baada. Ukitaka historia ndefu ipo ESA CCI (data za unyevu wa udongo za Shirika la Anga la Ulaya, kutoka setilaiti nyingi), tangu 1978, ila usiziunganishe hizo mbili kabla ya kuoanisha mtawanyo wa thamani zake, la sivyo utaona "ukame" ulioanza siku ulipobadilisha chanzo.

Jibu 3
Kabla ya hesabu zote hizo, chuja. Kwenye retrieval_qual_flag (alama ya ubora iliyo ndani ya faili la SMAP) bakiza vipimo ambavyo biti 0 ni sifuri, yaani vyenye ubora unaopendekezwa. Tupa pikseli zenye ziwa au mto mpana, maana maji hayo huifanya ardhi ionekane imelowa hata ikiwa imepasuka kwa ukavu. Msitu mnene nao uache: maji ya mimea yakizidi kilo 5 kwa mita ya mraba, ishara ya udongo haiaminiki. Pendelea vipimo vya saa 12 asubuhi, kwa kuwa joto la udongo na la majani huwa limekaribiana.

Halafu usihukumu boma kwa boma. Gridi ni ya kilomita 9, lakini antena huona eneo la karibu kilomita 40, hivyo pikseli jirani zinarudia habari ileile.

NDVI kuchelewa ni kawaida. Majani huonyesha shida wiki kadhaa baada ya udongo. Unyevu wa mizizi ukishuka, toa tahadhari. NDVI ikifuata kushuka, thibitisha. Ikishuka NDVI peke yake huku udongo una maji, kagua mawingu, moto au malisho kuzidiwa na mifugo kabla ya kutaja ukame.