Marko 7 na "mapokeo ya wanadamu": nifundisheje kundi lenye madhehebu mchanganyiko?

Mwongoza_Kikundi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ninaomba msaada wa somo. Kikundi chetu cha Biblia kazini kina watu 14: Walutheri, Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste na Msabato mmoja. Zamu ijayo ni Marko 7:1-13, pale Mafarisayo wanapomlalamikia Yesu kwamba wanafunzi wake wanakula bila kunawa mikono kwa mapokeo ya wazee, na muda ni dakika 60 za mapumziko ya mchana. Kifungu hiki kikiguswa tu, watu wanarukia majivu, rozari, Krismasi, vitambaa vya kichwani na kuvua viatu madhabahuni, na saa inakwisha hakuna aliyekisoma.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Yesu alikuwa anakataa nini hasa? Mbona 2 Wathesalonike 2:15 inatuambia "mkayashike mapokeo"? Na je, kuna kipimo ambacho Mkatoliki na Mpentekoste wanaweza kukitumia pamoja bila mmoja kujiona ameshtakiwa?

Msomaji wa Marko

Asifiwe, ndugu. Ushauri wangu wa kwanza: usianze na kunawa mikono. Anza na nadhiri ya Korbani, mstari wa 9 hadi 13, ndipo urudi nyuma. Ukianza na kunawa, nusu ya kikundi watadhani habari ni ya usafi wa chakula, na wengine watauliza kama Yesu alikataza sabuni.

Kunawa kule kulikuwa suala la unajisi wa ibada. Katika Kutoka 30:17-21 wanaoagizwa kunawa mikono na miguu ni Haruni na wanawe, wanapoingia katika hema au kukaribia madhabahu. Wazee waliichukua desturi ya makuhani wakaipeleka kwenye meza ya kila mtu. Nia yao haikuwa mbaya: walitaka taifa zima liishi kama makuhani. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya marabi wa Kiyahudi uliofanywa yapata mwaka 200, inatoa hata kiasi cha maji: robo ya logi, kama ujazo wa yai moja na nusu, yanatosha mikono ya mtu mmoja au wawili, nusu ya logi kwa watatu au wanne. Kitabu hicho ni cha miaka zaidi ya 100 baada ya Marko, kwa hiyo usiseme kila kipimo kilikuwapo siku za Yesu. Kinakuonyesha tu desturi ya aina hii ilielekea wapi.

Sasa Korbani. Neno lenyewe ni la Kiebrania, maana yake sadaka au kitu kilichowekwa wakfu. Mtu akimwambia baba yake, "Chochote ambacho ungefaidika nacho kutoka kwangu ni Korbani," kwa mzee yule mali ile imekuwa kama sadaka ya Hekalu: haigusiki. Hapa wengi hukosea kwa kudhani mali ilipelekwa Hekaluni siku hiyo hiyo. Kwa jinsi Mishna inavyozieleza nadhiri za namna hii, mali iliweza kubaki mkononi mwa mwenyewe. Aliyefungiwa mlango ni yule aliyetajwa tu. Liko hata sanduku la mifupa lililopatikana karibu na Yerusalemu, lenye maandishi ya Kiaramu yanayosema kwamba faida yoyote atakayoipata mtu ndani yake ni Korbani kwa Mungu. Ni namna ya kumwambia mwizi asiguse.

Halafu fika kwenye fundo lenyewe, na hapa usikimbie. Nadhiri haikuwa uzushi wa wazee. Hesabu 30:2 inaamuru mtu asilitangue neno lake alilomwekea Bwana nadhiri, na Kumbukumbu 23:21-23 inarudia. Upande wa pili kuna Kutoka 20:12, waheshimu baba na mama. Kwa hiyo mwana aliyetamka neno kwa hasira, kisha akajuta, alikuwa amesimama kati ya maagizo mawili ya Torati, na mapokeo ndiyo yaliyoamua lipi lishinde. Yakaamua nadhiri ishinde. Mstari wa 12 unasema hata hawamruhusu tena kumtendea neno baba yake au mama yake. Yaani mtu anataka kulisha wazazi, na mwalimu wa dini anamzuia kwa jina la Mungu. Ndipo Yesu anasema "mkilitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu mliyopokeana".

Hilo ndilo analolikataa. Kuwapo kwa desturi si shtaka lake. Shtaka ni desturi kupewa uwezo wa kuifuta amri, na mzigo wake kuangukia wasio na uwezo.

Tahadhari moja: usiwafundishe watu kudharau Wayahudi. Mishna hiyo hiyo, katika sehemu ya Nadhiri, inaonyesha marabi wakikubaliana kwamba nadhiri inayohusu baba au mama inaweza kufunguliwa kwa sababu ya heshima ya wazazi. Yaani walifikia hukumu ile ile.

Kuhusu Paulo: neno la Kigiriki ni paradosis, na limo mara 13 katika Agano Jipya. Mara 8 ni katika kisa hiki (Mathayo 15 na Marko 7), mara 5 ni kwa Paulo. Katika hizo 5, tatu ni za kusifu au kuagiza: 1 Wakorintho 11:2, 2 Wathesalonike 2:15 na 3:6. Wagalatia 1:14 ni juu ya mapokeo ya baba zake, na Wakolosai 2:8 ni onyo. Tafsiri yetu ya Biblia ya Union imefanya vizuri kuliacha neno moja, "mapokeo", pande zote mbili, maana msomaji anauona mvutano kwa macho yake. Soma pia 1 Wakorintho 15:3, "niliyoyapokea mimi mwenyewe". Kilichopokewa pale ni habari ya kufa na kufufuka kwa Kristo, na kilipokewa kwa mdomo kabla waraka haujaandikwa.

Katekista wa Jioni

Tumsifu Yesu Kristo.

Naongeza upande wetu, kwa sababu katika vikundi kama hivi Mkatoliki mara nyingi husemewa na wengine. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba kila desturi ina uzito sawa na Biblia. Katekisimu, namba 83, inatenganisha Mapokeo yatokayo kwa mitume na mapokeo mengine ya kiteolojia, ya nidhamu, ya liturujia na ya ibada za watu, yaliyozaliwa mahali mahali na nyakati mbalimbali. Haya ya pili yanaweza kushikwa, kubadilishwa au kuachwa, chini ya uongozi wa Kanisa. Majivu ya Jumatano na rozari tafuta kwenye fungu hili la pili. Imani ya Utatu iko kwenye la kwanza.

Hati Dei Verbum ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 9 na 10, inasema Mapokeo Matakatifu na Maandiko Matakatifu ni amana moja ya Neno la Mungu, na kwamba mamlaka ya ufundishaji haiko juu ya Neno hilo, bali inalitumikia. Mprotestanti anaweza asikubali hiyo "amana moja", na hapo tofauti ni ya kweli, isifunikwe. Lakini ajibu kilichoandikwa, asijibu alichosikia mtaani.

Swali ambalo mimi ningeliweka mezani: orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya haimo ndani ya kitabu chochote kati ya hivyo 27. Barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367 ndiyo ya kwanza tunayoijua kuvitaja vyote 27, bila kupunguza wala kuongeza. Waulize: Kanisa lilivipa mamlaka au lilitambua mamlaka iliyokuwamo? Acha wajibizane dakika 5, utashangaa jinsi watakavyosikilizana.

Kanisa la Pwani

Ndugu Mwongoza_Kikundi, kwa swali lako la tatu ningetumia mfano mmoja wa kwetu Afrika badala ya hoja za jumla: ubatizo wa mwanamume mwenye wake wengi.

Mkutano wa Lambeth, yaani wa maaskofu wa Kianglikana duniani, wa mwaka 1888 uliamua wanaume wenye wake wengi wasibatizwe, wawekwe kwenye mafundisho mpaka watakapoweza kuipokea sheria ya Kristo. Matokeo yake mahali pengi yalikuwa kwamba mtu akitaka ubatizo, lazima abaki na mke mmoja na wengine waondoke. Nia ilikuwa kulinda Mwanzo 2:24 na maneno ya Yesu kuhusu ndoa, na msingi huo ni wa Maandiko kabisa. Lakini tazama mzigo ulimwangukia nani. Mwanamke aliyeolewa kihalali kwa mila zao, mwenye watoto watatu, anarudishwa kwao ili mumewe apate ubatizo. Hiyo ni Korbani tupu: kitu kitakatifu kimetumika kumwondolea mtu riziki aliyostahili.

Lambeth ya mwaka 1988, miaka 100 baadaye, azimio la 26, lilisisitiza kwanza kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Kisha likaruhusu mwenye wake wengi abatizwe na kupata kipaimara pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa masharti: aahidi kutooa tena wakati yeyote kati ya wake hao yu hai, jumuiya ya Waanglikana wa mahali hapo ikubali, na asilazimishwe kumfukuza mke, kwa ajili ya dhiki ambayo wanawake wangeipata.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba hakuna anayeweza kusema "hayo ni ya wale wengine". Kanuni ya wamisionari ilikuwa mapokeo, na mila ya ndoa ya wenyeji ilikuwa mapokeo vile vile. Waulize maswali matatu tu. Ni andiko gani kanuni hii inalilinda? Ni andiko gani inalizuia lisitendeke? Nani anakosa chakula, heshima au nafasi kwa sababu yake? Kitambaa cha kichwani kipitishe hapo hapo. Kama ni desturi ya heshima, sawa. Kama binti anarudishwa mlangoni asisikie Injili kwa kukosa kitambaa, kipimo kimeshajibu.

Mwongoza_Kikundi

Nashukuru sana, wote. Limebaki moja: Wapentekoste wangu watasema, "Sisi hatuna mapokeo, tunafuata Biblia tu." Niwajibuje kwa upole?

Msomaji wa Marko

Usiwajibu, waulize. Waombe waeleze hatua kwa hatua mtu anavyookoka kanisani kwao. Watataja kuitwa mbele na kuongozwa sala ya toba kwa kurudia maneno ya mhubiri. Kisha someni Matendo 2:37-41: watu wanauliza wafanye nini, Petro anasema watubu wakabatizwe, na wanaolipokea neno wanabatizwa. Kuitwa mbele kulienezwa na wahubiri wa uamsho Marekani katika karne ya 19. Charles Finney alikuwa na kiti maalumu cha mbele kwa wenye kuhangaika rohoni. Desturi hiyo si dhambi, na wengi wamekutana na Kristo pale. Inakuwa tatizo mtu anapoambiwa hajaokoka kwa kuwa hakupita mbele.

Tena wakumbushe Masadukayo. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba wao waliyakataa mapokeo ya mababa na kushika yaliyoandikwa tu, kinyume cha Mafarisayo. Wao nao, katika Marko 12:24, Yesu anawaambia hawayajui maandiko wala uweza wa Mungu. Kukataa mapokeo peke yake hakumfanyi mtu kuwa msikivu wa Neno.

Mgawanyo wa saa: dakika 10 kusoma Kutoka 20:12, Kutoka 21:17 na Hesabu 30:2 kabla hamjafungua Marko, 20 za Marko 7:1-13, mkianza mstari wa 9, 10 za Paulo, 15 za mfano wa Lambeth na yale maswali matatu, 5 za maombi. Orodha ya vitabu 27 iache kwa wiki inayofuata, haitaenea. Majivu na Krismasi yakiingia kabla ya dakika ya 40, yaandike ubaoni na uwaambie zamu yake inakuja.