Mwanamke mwangamizi kwenye filamu ya nwari: anakwama wapi, na anajengwaje kwa kisa cha Moshi?

MwandikaUsiku (Moshi)
Wakuu, salaam. Kuna skripti ya filamu fupi mezani, dakika 28, ya aina ya nwari, zile filamu za uhalifu, vivuli na tamaa. Kisa: mke wa mfanyabiashara wa Moshi mjini anamvuta wakala wa bima ili wamwondoe mume, bima ilipe. Wasomaji 5 wamerudisha neno lilelile: mwanamke anafanana na mchepuko wa Bongo Movie. Gauni jekundu, kucha, jicho la pembeni, na ukifika ukurasa wa 6 unajua ndiye muuaji. Maswali:
1. Anajengwaje asijulikane mapema, bila kumdanganya mtazamaji?
2. Lazima mwishoni afe au afungwe?
3. Vivuli vile vya mistari ukutani vinapatikanaje kwa taa 3 za LED, siku 4 za kupiga picha, bila jenereta?

Kalamu ya Rau
Mkuu, gauni muachie, halina kosa. Kosa ni kwamba skripti yenyewe haijui anataka nini. "Fedha" si jibu. Kiasi gani, ziko wapi, kwa nini hawezi kuzipata kwa njia ya halali, na muda unaisha lini? Ukijibu hayo manne, nusu ya njama inajiandika yenyewe.

Angalia Double Indemnity ya 1944. Bima ni ya dola 50,000, na kuna kifungu cha kulipa mara mbili kwa ajali za aina fulani, ya treni ikiwemo. Basi mume lazima aonekane ameanguka kutoka kwenye treni. Treni haikuwekwa kwa ajili ya mandhari, imetokana na kifungu. Na anayeleta hesabu ya treni ni wakala, siyo mke! Yule bwana alikuwa ameshawaza siku nyingi namna ya kuichezea kampuni yake mwenyewe. Mwanamke amefungua mlango tu, kiu ilikuwepo. Ukiandika mwanaume bwege anayedanganywa na manukato, umeshaua filamu, maana hakuna anayemwonea wivu wala huruma.

Kwa dakika 28 mpe mwanamke maombi 5, siyo zaidi. La kwanza liwe dogo hadi aibu kulikataa: amsomee fomu ya Kiingereza. La pili, awe shahidi wa sahihi. La tatu, arudishe tarehe nyuma kwa siku 2. Hapo tayari ana kosa, ila bado ni kosa la ofisini. La nne, anyamaze juu ya kitu alichokiona. La tano asiliseme yeye kabisa: mwanaume ndiye atamke neno "afe", naye mwanamke akatae. Akatae kweli, aondoke, maonyesho mawili yapite bila yeye. Mwanaume atamfuata mwenyewe.

Kipimo cha meza: chukua kila onyesho lake, futa migusano na macho yote. Kikibaki kitu, onyesho linasimama. Kisipobaki, ulikuwa unapiga picha ya kalenda.

KaloleniArusha
Naongezea hapo kwenye kujulikana mapema. Usifiche uovu wake, ficha *mpangilio*. Mtazamaji wa leo akiona mwanamke mrembo kwenye filamu ya giza anamshuku tangu bango la filamu, huwezi kushindana na hilo. Unachoweza ni kumfanya ashuku jambo lisilo lenyewe. Gone Girl ya 2014 inatupa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza kwa shajara ya mke, tunadhani tunasoma maisha ya aliyeonewa, kisha karibu na katikati shajara inageuka kuwa ushahidi uliotungwa. Kumbuka, haikutudanganya kwa picha ya siri. Tulisoma maneno *yake*. Chinatown ya 1974 inakwenda kinyume: dalili zote zinamsonta mwanamke, mpelelezi anamwandama hadi anamlazimisha kusema, kumbe ndiye aliyeumizwa kuliko wote.

Kanuni ninayoifuata: kila anachosema mwanamke kiwe kweli neno kwa neno, ila kisiwe kamili. "Mume wangu hajalala nyumbani tangu Jumatatu." Kweli. Hajasema nani alimfukuza. Mtu akitazama mara ya pili asikute uongo hata mmoja.

Karani wa Mirathi
Mimi naondoa bima kabisa. Kwa Kilimanjaro una kitu kikali zaidi na hakuna aliyekigusa: mirathi.

Mtanzania Mkristo akifa bila wosia, swali la kwanza la kisheria ni aliishi vipi. Kama aliishi kwa mila za kwao, mirathi huenda kimila. Kama alikuwa ameachana na mila, inatumika Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado iko hai kwetu, na hapo mjane mwenye watoto anapata theluthi 1, watoto theluthi 2. Mahakama hukiita kipimo cha mfumo wa maisha.

Sasa ona mwanamke wako. Kimila kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, ni cha ukoo, hushuka kwa watoto wa kiume, na kile cha baba kwa kawaida hubaki kwa kitinda mimba. Mjane anakaa humo kwa sababu ya watoto wake, siyo kwa haki yake. Anajua. Kwa hiyo miaka 6 kabla ya kifo anaanza kumtoa mume kwenye mila, kidogokidogo, kwa upendo. Desemba Wachagga wengi wanapanda kwao, yeye anapanga safari ya Zanzibar. Matanga ya shangazi, mume anatuma rambirambi kwa simu. Vikao vya ukoo hahudhurii. Hakuna kosa hata moja katika hayo! Kisha mume anakufa, na vita ya kwanza siyo ya fedha, ni ya kaburi. Ukoo unataka azikwe kihambani, mke anataka makaburi ya mjini. Mtazamaji anadhani ni ubishi wa majonzi. Kumbe maziko ni ushahidi wa namna marehemu alivyoishi.

Kwa wenye kupenda ulinganisho: Body Heat ya 1981 inageuza kila kitu kwa kosa la kiufundi ndani ya wosia. Wosia unabatilika, mke anabeba zote, na wakili aliyehusishwa alikuwa ameshawahi kuharibu wosia mwingine kwa kosa hilohilo. Mwanamke hakuchagua mwanaume mzuri, alichagua mwanaume mwenye udhaifu anaouhitaji.

Kwa hiyo wakala wako wa bima awe karani au wakili mdogo. Karatasi za kuonyesha kwenye kamera: cheti cha kifo cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha familia kilichomteua msimamizi wa mirathi, barua ya usimamizi. Na saa yako ya taharuki hii hapa: kwa kanuni za Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, Fomu Na. V. Tahadhari moja, kuna kosa nimeliona kwenye skripti nyingi: Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Mke akidai mume aliachana na mila, hoja ya kwanza ya wakili wake itakuwa kwamba shauri liko mahakama isiyo yake. Usiliandike kama kikwazo, liandike kama mtego aliouandaa: anawaacha shemeji zake wafungue, watumie nauli na miezi, ndipo anaweka pingamizi.

Kalamu ya Rau
Karani, hii ya kaburi ni dhahabu. Basi lile ombi la kwanza linabadilika: amwombe karani amsomee muhtasari wa kikao cha ukoo, jina la mumewe halimo kwenye mahudhurio. Mtazamaji anaona ametengwa. Dakika ya 22 anaona karatasi ileile, safari hii ni kielelezo mahakamani kwamba mume aliachana na mila.

Luva na Nondo (Arusha)
Swali la 3. Mistari ya zamani ilitoka kwenye mapazia ya bapa ya Los Angeles. Huku hatuna hayo majumbani, tuna vitu bora: nondo za dirisha, vioo vya luva, na tofali za matundu. Kivuli cha nondo kinasema jela bila mtu kusema.

Kinachoharibu ni ukubwa wa taa. Paneli ya LED yenye upana wa sentimita 30 haichori mstari, inapaka. Hesabu yake ni rahisi: upana wa ukungu wa kivuli (ule ukingo usiokolea) = upana wa taa × umbali wa nondo hadi ukutani ÷ umbali wa taa hadi nondo. Paneli ya sm 30 ikiwa mita 3 nje ya dirisha na ukuta uko mita 2 ndani: 30 × 2 ÷ 3 = sm 20. Nondo zenyewe ziko sm 12 moja hadi nyingine, mistari yote imeyeyuka. Chukua taa ya balbu moja ya LED, vua kitambaa na kofia yote, ibaki chipu tupu ya sm 3: 3 × 2 ÷ 3 = sm 2. Isogeze hadi mita 5 nje, ukungu unashuka hadi sm 1.2, kali kama wembe. Gharama yake: mwanga ukutani unabaki kama nusu ya ule wa mita 3, kwa hiyo taa kubwa kuliko zote iwe hii ya nje. Iinue mita 1 juu ya kizingiti cha juu ili mwanga ushuke kwa mshazari. Ikiwa usawa wa dirisha inaonekana kama geti tu.

Kuta zetu zimepakwa krimu na dari ni nyeupe. Mwanga unarukaruka, giza linakuwa kijivu, halafu watu wanalaumu kamera. Tundika kitambaa cheusi kizito upande wa kivuli wa uso, nje kidogo ya fremu, na kingine darini ukiweza. Mara nyingi kinafaa kuliko taa ya pili.

Uso wa mwigizaji mweusi usiuongezee nguvu ya taa, uupe kitu cha kuakisi. Shuka jeupe la mita 2 kwa 1.5 limulikwe, likae pembeni na nyuma kidogo ya shavu, ngozi ichukue mng'ao wa mshazari. Poda ya kukausha ipungue. Mafuta kidogo juu ya mfupa wa shavu yanatosha. Zebra ya kamera (michirizi kwenye skrini inayoonyesha kiwango cha mwanga) iwekwe asilimia 50 hadi 55 kwa sehemu angavu ya uso. Wengi wanaiacha 70, uso unang'aa kama tangazo la sabuni.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/50, la sivyo taa za nyumbani zitapepesa. Umeme ukikatika endelea na betri, ila usichanganye onyesho moja: taa ya chaji ina rangi ya buluu, ile ya ukutani ya njano, huwezi kuzishona baadaye.

MwandikaUsiku
Asanteni, naandika upya. Na kihambani je, usiku na jioni? Na swali la 2 halijaguswa.

Luva na Nondo (Arusha)
Jioni ya Moshi haina subira. Jua linazama kati ya saa 12:20 na 12:50 kutegemea mwezi, na ile buluu yenye kuonyesha anga na taa za gari kwa pamoja inadumu kama dakika 20. Siku 4 ni jioni 4: panga shoti 3 kwa kila jioni, kamera na waigizaji wawe wamesimama tayari. Mlima uupate alfajiri au jioni hiyohiyo, mchana unajifunika.

Chini ya migomba mchana, majani yanachuja mwanga na ngozi inakuwa ya kijani. Upande wa pili wa uso weka ubao mweupe, na mizani ya rangi ya kamera (white balance) ipime hapohapo, siyo barazani. Upepo kwenye majani makavu unasikika kama mvua, mikrofoni ya nguoni isaidie. Mvua yenyewe juu ya bati hakuna dawa: Machi hadi Mei maongezi ya ndani yasipangwe kwenye nyumba isiyo na dari.

KaloleniArusha
Swali la 2. Zamani alikufa kwa sababu ya kanuni. Studio za Marekani zilibanwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, mhalifu asifaidike. Zilipoondolewa 1968 mlango ukafunguka: mwanamke wa Body Heat ya 1981 anaishia ufukweni na fedha zote, wa The Last Seduction ya 1994 anaondoka kwa gari akiwa ametulia. Kwa hiyo huna deni la kumwua. Ila ashinde *kitu*, na kigharimu. Kwako apate theluthi yake kihalali na asiweze kukanyaga kihamba tena.

Skripti hiyohiyo ndiyo utaiambatisha kwenye maombi ya kibali Bodi ya Filamu, kwa hiyo amua mwisho kabla ya kupeleka.

Karani wa Mirathi
Asikanyage, ndiyo. Mpe shemeji mkubwa jani la isale. Kwa Wachagga mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Isale hilohilo ndilo linapandwa kuweka mpaka wa kihamba. Shemeji anakuja mjini kumwomba waelewane, analiweka mezani. Mwanamke halikatai, halipokei. Anaendelea kujaza fomu.

MwandikaUsiku
Jani mezani, mistari ya nondo juu yake. Luva, taa iwe mita 5?

Luva na Nondo (Arusha)
Kwa meza iliyo sm 80 kutoka dirishani mita 3 zinatosha: 3 × 0.8 ÷ 3, ukungu ni milimita 8. Jani lipanguse kwa kitambaa chenye maji, likiwa na vumbi halishiki mwanga.