Naomba ushauri: filamu inayosimuliwa na jeneza la msikiti

Habari za humu ndani wakuu. Nina stori inanikosesha usingizi. Ni ya jeneza la msikiti kule Pangani, lile la mbao linalobeba kila maiti wa mtaa kisha linarudishwa ukutani. Lenyewe ndilo linalosimulia. Lilimbeba baba, miaka baadaye likambeba mwanawe aliyemkana, na linajua nani alilia kweli na nani alikuja kula pilau.

Nikampelekea prodyuza mmoja. Akasoma kurasa mbili, akaniambia, "Dogo, weka mapenzi kidogo." Nikachukua daftari langu nikaondoka.

Nilijaribu shoti moja kwa simu: nililala kwenye mkokoteni, simu imeangalia juu, washikaji wanne wakausukuma. Zikaonekana pindo za kanzu, minazi na kipande cha mbingu kinachotikisika. Nilisisimka! Ila dakika tatu tu macho yanachoka.

Sasa wataalamu, jeneza liwe na sauti ya mtu, au tusikie tu mbao zikilia na watu wakinong'ona? Mimi naogopa sauti, inaweza kugeuka kichekesho. Pili, nianze na filamu fupi ya dakika 15? Mwongozaji wa Kitanzania Amil Shivji alifanya Shoeshine (2013), fupi, kabla ya filamu yake ndefu T-Junction (2017), kwa hiyo naona njia ipo.

Na imamu nimwendeeje? Jeneza halisi siligusi, nitachongesha la kwangu, lakini sitaki asikie habari hii mtaani kabla sijamfuata mwenyewe.