Ushauri: Chemical Wedding ya Bruce Dickinson, nichukue CD au santuri?

Mtoto_wa_Korogwe: Wakuu, habari za jioni. Kuna jamaa yuko Uingereza anarudi wiki ijayo, kakubali kunibebea kitu kimoja. Nataka Chemical Wedding, albamu ya hevi metali ya 1998 ya Bruce Dickinson, yule mwimbaji wa Iron Maiden. Nachanganyikiwa: CD ya mwanzo yenye nyimbo 10, CD ya 2005 iliyoongezwa nyimbo 3, au santuri? Nijibuni haraka.

Gitaa_Bovu: Bajeti hujataja. Unapigia nini hujataja. Mashine ya santuri unayo, au utaitundika ukutani?

Mama_Besi: Na jamaa ana begi la ukubwa gani? Santuri haikunjwi, mdogo wangu.

Mzee_wa_Kanda: 2005, basi. Hela ileile, nyimbo 13.

Gitaa_Bovu: Mzee, albamu si mafungu ya nyanya uongezewe. Ile ya mwanzo inaisha na wimbo wa The Alchemist, ukishafika hapo unazima, unakaa kimya.

Fundi_Spika: Santuri? Ngoja niwape yangu. Mwaka juzi niliagiza moja ya hevi metali, ikalala posta wiki tatu, nikalipa ushuru, nikapanda nayo daladala. Konda akaniambia niiweke pale mbele kwenye kioo isikanyagwe. Foleni, jua la saa nane. Kufika nyumbani naifungua, imejipinda kama chapati ya jana. Sindano inapanda mlima, inashuka. Nikailaza chini ya gunia la mchele siku nne. Ilinyooka kidogo, ila wimbo wa kwanza mpaka leo unayumba kama mlevi.

Mama_Besi: Pole kaka. Lakini mimi bado nasema santuri, kwa ajili ya jalada. Ile ni picha aliyoichora William Blake mwenyewe, yule mshairi na mchoraji wa Kiingereza ambaye albamu inafuata mashairi yake: mzuka wa kiroboto kashika bakuli la damu. Picha yenyewe ni ndogo, kama sentimita 21 kwa 16. Kwenye CD unaona nini sasa?

Ustadhi_Vina: Mnagombania sahani, mashairi mmeyaacha. Blake kafa 1827. Shairi lake la Jerusalem Waingereza wanaliimba kwa muziki wa mtunzi wao Parry wa 1916, Dickinson kalitilia tuni yake. Sawa, kajitahidi. Ila angepata utenzi wetu, mizani (silabi) 8 kila kipande, kina cha bahari, yaani cha mwisho wa kila ubeti, hakitikisiki, asingehangaika.

Gitaa_Bovu: Ustadhi, utenzi juu ya gitaa la albamu hii, lililofungwa nyuzi za besi?

Ustadhi_Vina: Kwani utenzi si wa kuimbwa?

Mama_Besi: Mimi naisikiliza miaka na Blake sijamsoma hata ukurasa. Wimbo wa Book of Thel ukianza nywele zinanisimama, inatosha.

Ustadhi_Vina: Hapo ndipo mnapokosea. Huyo Thel, kwenye shairi la Blake, ni binti anayeogopa kuoza. Ukishajua hilo, wimbo unakuwa mwingine.

Mtoto_wa_Korogwe: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Mashine ya santuri sina. Nasikilizia kwenye gari.

Gitaa_Bovu: Gari lina sehemu ya CD?

Mtoto_wa_Korogwe: La shemeji. Lina kaseti.

Gitaa_Bovu: 😂😂 Sasa CD ya nini, mkuu?

Mzee_wa_Kanda: Kaseti! Leteni CD kwangu nimrekodie, kanda tupu ninazo.

Fundi_Spika: Redio za hayo magari zinakula kanda. Nimezifungua nyingi, naongea kwa uchungu.

Mama_Besi: Fundi, na ule mchele mliula?