Laptopi ikigoma kuwaka baada ya kupigwa Windows mpya, mnasema diski imekufa: huu ni ufundi gani?

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu suala hili linamgusa kila aliyepeleka kompyuta kwa fundi tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kila mwenye laptopi ya mtumba sasa anataka Windows 11, kila mwenye flashi mfukoni amegeuka fundi, na mashine zilizokwenda dukani zikiwa zima zinarudi nyumbani haziwaki, zikisindikizwa na maelezo kwamba diski imekufa au mazabodi imeungua.

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari. Laptopi yake ni Core i5 ya kizazi cha nane, yaani kizazi ambacho Windows 11 inaanza kukikubali rasmi kwa upande wa Intel, na ina TPM 2.0 (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai), kwa hiyo hapakuwa na sababu yoyote ya kuifanyia ujanja. Fundi, kama alivyoeleza mwenyewe nilipombana, alichukua flashi yake ya siku zote aliyoiandaa kwa mtindo wa MBR (mpangilio wa zamani wa diski), akaiweka mashine kwenye Legacy (njia ya zamani ya kuwaka), akaukwepa ukaguzi wa TPM kwa ile hila ya Rufus, programu ya kuandalia flashi, na Windows 11 ikaingia bila tatizo. Kisha, kwa kuwa alikwishasikia kwamba Windows 11 inataka Secure Boot (ulinzi unaokubali programu za kuwashia zilizosainiwa tu), akarudi kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), akageuza kutoka Legacy kwenda UEFI (njia mpya ya kuwaka), akawasha Secure Boot, akahifadhi na kuiwasha mashine upya. Skrini ikawa nyeusi, na juu yake maandishi meupe: "No bootable device". Hukumu ikatolewa hapo hapo: diski imekufa, lete shilingi 90,000 ya SSD, na vilivyokuwamo usahau.

Vilivyokuwamo ni alama za wanafunzi za mihula kadhaa na maandalio yake yote ya masomo.

Mtu anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kujua kwamba kompyuta hizi zina njia mbili za kuwaka, na kwamba kila njia ina mahali pake pa kutazama. Kwenye Legacy, BIOS inasoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu, na humo ndimo inamoikuta programu ndogo ya kuanzishia safari. UEFI haina habari na sekta hiyo; yenyewe inatafuta patisheni (kipande cha diski) ndogo ya FAT32 iitwayo EFI, na ndani yake inatafuta faili la kuwashia Windows. Diski iliyosimikwa kwa Legacy haina patisheni hiyo, kwa hiyo ukiigeuzia mashine UEFI, inaipita diski nzima kana kwamba haina kitu. Ni kama kumtafuta mtu Kigoma ilhali anaishi Kigogo, kisha ukatangaza msiba.

Niliichomoa ile diski inayodaiwa kuwa marehemu, nikaiweka kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Ilifunguka mara moja, patisheni ya D ikiwa na mafaili yote, na ripoti ya afya ya diski haikuwa na hata sekta moja mbovu. Nikaamua kuirudisha kwenye laptopi, nikaingia BIOS na kuweka Legacy kama ilivyokuwa wakati wa kusimika, na Windows ikawaka bila manung'uniko. Baada ya kunakili mafaili ya mwalimu mahali pengine, nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika mbr2gpt /validate /allowFullOS (mbr2gpt hugeuza diski ya MBR kuwa GPT, mpangilio mpya ambao UEFI inauhitaji kuiwasha Windows), na ilipojibu kwamba diski inafaa, nikaandika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Nikarudi BIOS, nikaweka UEFI na Secure Boot, na mashine ikawaka vizuri bila faili hata moja kupotea. Chombo hicho kimo ndani ya Windows yenyewe tangu toleo la 1703 la Windows 10, la mwaka 2017, na hakiuzwi. Sharti lake kubwa ni kwamba diski isiwe na patisheni kuu zaidi ya tatu, kwa sababu kinahitaji nafasi ya kuitengenezea ile ya EFI.

Kuna upande wa pili wa kosa hili ambao ni mbaya zaidi, kwa kuwa hauna marejeo. Flashi ikiwaka kwa UEFI na diski ikiwa ya MBR, programu ya kusimika inakataa na kueleza wazi kabisa kwamba kwenye mifumo ya EFI, Windows inasimikwa kwenye diski za GPT pekee. Ujumbe huo hauhitaji tafsiri ya mtaalamu. Lakini nimewaona mafundi wakiusoma nusu, kisha wanachagua patisheni moja baada ya nyingine na kubonyeza kufuta, C, D na hata ile ya kurejeshea iliyotoka kiwandani, mpaka diski nzima inabaki nafasi tupu, ndipo wanaendelea. Mteja anaambiwa "tumepiga format, ilikuwa lazima". Haikuwa lazima. Aliyeifanya iwe lazima ni mtu aliyeona uvivu wa kuanza kwa kuuliza kama kuna kitu cha kunakili.

Sasa nije kwenye jambo lililonipandisha mori kuliko yote. Laptopi ilipowaka nilifungua mipangilio ya akaunti, nikakuta barua pepe ya fundi ndiyo mwenye mashine. Najua kwa nini wanafanya hivyo: Windows 11 inadai akaunti ya Microsoft wakati wa kusimika, na fundi mwenye haraka anaingiza yake ili apite. Je, mnajua matokeo yake? Kwenye matoleo ya sasa, hasa kuanzia 24H2 (toleo la Windows 11 la mwaka 2024), mashine nyingi zenye TPM na Secure Boot zinajifunga zenyewe kwa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski nzima) baada ya kusimikwa upya na mtu kuingia kwa akaunti, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo iliyotumika. Siku mtu akigusa mpangilio wa BIOS, au BIOS ikipata toleo jipya, skrini ya bluu inatokea na kudai tarakimu hizo, na tarakimu ziko kwa fundi ambaye pengine amekwishahama fremu na kubadili namba ya simu. Aliyefungiwa nje ni mwenye mali, na anayebaki na ufunguo ni mtu aliyelipwa kwa kazi ya mchana mmoja. Huo ni uzembe, na kwa mwenye nia mbaya ni mlango wa mambo mengine ambayo sitaki kuyataja hapa.

Kesi nyingine niwaguse kwa haraka, kwa sababu nazisoma humu karibu kila wiki na majibu ni yale yale ya kubahatisha. Laptopi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea mara nyingi hazionyeshi diski yoyote wakati wa kusimika, kwa kuwa diski imekaa nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD. Dawa ni kuweka draiva ya Intel RST kwenye flashi na kuipakia pale pale, au kuizima VMD kwenye BIOS kama hakuna Windows ya zamani unayotaka iendelee kuwaka. Wenye Ubuntu (aina ya Linux) kando ya Windows mnakumbuka masasisho ya Windows ya Agosti 2024 yaliyoleta ujumbe wa SBAT (sera ya Secure Boot inayokataa programu za kuwashia za zamani) na kuzuia Linux isiwake: wapo walioshauriwa humu humu wafute Ubuntu nzima, ilhali kuzima Secure Boot kwa muda na kufuta sera hiyo kwa mokutil, amri ya Linux, kulitosha.

Ipo pia betri ndogo ya CMOS, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, ambayo kwenye mitumba mara nyingi imekwisha. Ukiona laptopi inawaka vizuri ikiwa kwenye chaji, kisha umeme unakatika, na ukirudi saa inasoma mwaka wa zamani na diski haionekani tena, basi mipangilio ya BIOS imejifuta na kurudi ya kiwandani. Betri hiyo mara nyingi ni CR2032 yenye waya mbili na kifuniko cha plastiki, na bei yake haifiki hata robo ya SSD mnayoambiwa mnunue.

Kwa hiyo wadau, kabla hamjamjibu mtu humu "badili HDD mkuu", mwombeni picha ya skrini yenye ujumbe wenyewe, mwulizeni kama BIOS iko kwenye Legacy au UEFI, na kama diski inaonekana kwenye orodha ya BIOS. Isipoonekana hata huko, hapo ndipo tuanze kuzungumzia diski au soketi yake.

Na wale ambao mashine zenu zimesajiliwa kwa barua pepe ya fundi, tengenezeni mtumiaji wenu mwenye haki za msimamizi, hifadhini ufunguo mpya wa BitLocker mahali penu au zimeni ufungaji huo kwanza, ndipo mwiondoe akaunti yake. Msianze kwa kuiondoa. Fundi wetu nimemtaka aifute laptopi hiyo kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yake nikiwa natazama, na arudishe nusu ya malipo ya kusimika. La kwanza amelifanya. La pili anasema tulijadili mwisho wa mwezi.