Pleti nne za 96 kwenda moja ya 384: hedi, roboti au chaneli 8?

kisima_A1: Wadau, nina pleti nne za DNA za visima 96 (visahani vya plastiki vyenye vishimo 96 vya kuwekea sampuli), zote ziingie kwenye moja ya 384, alafu humo nichague sampuli baadhi tu ziende PCR (kunakili DNA). Kwa mkono vidole vinagoma na macho yakiruka mstari mmoja tu pleti ndo basi tena. Nawaza hedi ya chaneli 96 (inavuta na kutoa visima 96 kwa mpigo), au roboti ya kupipeti kama OT-2, au nibaki na pipeti ya umeme ya chaneli 8 (visima nane kwa mpigo). Mnaonaje?

tipu_mpya: Mkuu hizo ni kazi mbili, kujaza na kuchagua, usizichanganye. Ya kujaza hedi inaimaliza kwa mishuko minne, maana visima vya 96 vimeachana milimita 9 na vya 384 milimita 4.5, kwa hiyo kila pleti inaangukia kisima kimoja inaruka kimoja. Pleti ya kwanza inaanzia A1 (herufi ni mstari, namba ni safu), ya pili A2, ya tatu B1, ya nne B2, basi. Ila kuchagua C7 na H11 peke yake hedi ya kawaida haina habari, yenyewe inajua pleti nzima.

bafa_zito: Hapo kwenye kuchagua ndo OT-2 inakula. Unaandika skripti ya Python, inasoma faili la CSV (kisima inapotoka, inapokwenda, mikrolita ngapi) na inafanya taratibu bila kuchoka. Angalia kitu kimoja, kwenye transfer() (amri ya kuhamisha) usipoiambia kitu new_tip inakuwa 'once', yani tipu moja (ncha ya plastiki ya kuvutia) kwa orodha nzima, na kwa DNA hiyo ni balaa, sampuli zinachafuana. Weka 'always', tipu mpya kila mara. Kumbuka tu tipu zinakwisha haraka, raki moja ni 96.

kisima_A1: Na chaneli 8?

tipu_mpya: Inafanya kazi, tipu zake nazo zimeachana milimita 9 kwa hiyo kwenye 384 ukianzia A1 unapata A, C, E mpaka O, ukianzia B1 unapata B mpaka P. Kwa pleti moja moja sawa, kwa kazi ya kila siku hapana, bado ni macho yako yale yale.

rangi_kwanza: Chochote utakachochagua anza na maji ya rangi, sampuli baadaye. Pima pleti kwenye mizani kabla na baada, mikrolita moja ya maji ni kama miligramu moja, utajua kama inadanganya. Miksi ya enzaimu yenye gliseroli (kimiminika kizito) punguza spidi ya kuvuta na kutoa, ikienda haraka inavuta hewa na nyingine inabaki imeganda kwenye tipu. Na 384 usiiache wazi, vya pembeni vinakauka kwanza.

kisima_A1: Basi hedi kwa kujaza, OT-2 kwa kuchagua. CSV yangu imeandika A01, inasoma?

bafa_zito: Itagoma hiyo, andika A1.